Rivyu ya maabara ya misheni iliyomkamata bakteria wa homa ya papasi kwenye damu ya mwanangu, nyota 4 na nusu

Nilimuahidi mzee mmoja wa maabara kwamba nikitulia ntaandika, miezi mitatu imepita ndo natulia, kwahiyo hii ni rivyu ya huduma na sio stori ya kutafuta pole, ingawa stori yenyewe lazima niieleze maana bila hiyo hamtaelewa nyota nazitoa za nini. Majina ya hospitali sitaji, hata ile nzuri, maana nikitaja nzuri mtaanza kukisia mbaya ni ipi na mi sitaki kesi na mtu.

Tunakaa Dodoma mjini, mume wangu ni mtu wa huku huku. Mwezi wa sita shule zilipofungwa nikampeleka kijana wangu, ana miaka 6, kwa bibi yake kijijini wilaya ya Chamwino, akakae wiki mbili achunge mbuzi ajue maisha. Bibi anakaa kwenye tembe, ile nyumba yenyewe ya Kigogo, kuta za miti na udongo, paa la udongo limelala bapa, sakafu ya udongo, mchana ndani kuna ubaridi mzuri sijui hata wanafanyaje. Dogo kalala chini na binamu zake, ngozi ya ng'ombe na mkeka juu yake, wamejipanga kama dagaa, kafurahi hatari. Karudi kanenepa, kila mtu anamsalimia mbukwenyi mpaka konda wa daladala.

Siku ya nne tangu arudi, homa. Tena homa ya kuungua, kichwa kinauma, anatapika, analia miguu inamuuma. Mi kama mama yeyote wa Tanzania nikasema malaria hiyo, nikakimbilia duka la dawa, kaka wa pale akanipa mseto bila hata kupima na mimi nikapokea bila hata kuuliza, hapo simlaumu peke yake. Kesho yake hali ile ile nikampeleka zahanati moja ya kulipia karibu na nyumbani. Wakamchoma kidole, kile kipimo cha haraka cha malaria, mstari mmoja, hana. Wakapima mkojo na taifodi na nyie mnajua majibu, zahanati zetu hizi ukiingia huna malaria basi una UTI na taifodi, zote mbili, hata ukiingia umeteguka mguu. Septrin ya maji, panado, elfu ishirini na tatu, nenda nyumbani.

Na homa ikapona! Siku ya tatu jioni kalowa jasho shuka zima, kalala, kaamka anaomba chapati. Nikaisifia ile zahanati kwenye grupu la kina mama wa mtaani, nyota 5, ile posti nimeshaifuta. Maana siku ya sita homa hiyo hapo, tena kama vile haikuwahi kuondoka. Tukarudi, kipimo cha malaria hana, wakasema UTI ni sugu, sindano za gentamaisini siku tano. Homa ikashuka tena siku ya tatu, tukasema sindano kiboko. Wiki nzima mtoto mzima, kacheza mpira. Mnaona inavyokwenda? Mi sikuona. Homa inakuja siku tatu, inaondoka yenyewe, inakaa kama wiki, inarudi, na kila inapoondoka sifa anapewa yule aliyetoa dawa jana yake. Zahanati ile nyota 1, na hiyo moja ni kwasababu dada wa mapokezi alikuwa na heshima.

Mara ya tatu ndo ikaja na degedege. Saa nane usiku nasikia kitanda kinagonga ukuta, naingia, macho yamegeuka juu, mikono imekakamaa, povu. Wenye watoto mnajua magoti yanavyoisha nguvu. Jirani yangu, mama mtu mzima nampenda sana, akaja na kinyesi cha tembo kilichokauka kwenye mfuko wa rambo anataka tumfukize, anasema hospitali wakimchoma sindano akiwa na degedege anakufa, na sikuwa na nguvu ya kubishana nae, nikamwambia mama shika begi tu twende. Akashika begi, na kinyesi cha tembo akaja nacho.

Hospitali hiyo ya mjini nitaisema kwa kifupi maana nikirefusha ntatukana. Degedege walilizuia haraka, hapo nawapa haki yao. Wakapima malaria, hana, dokta akasema "malaria imejificha, imepanda kichwani," wakaanza sindano za artesuneti. Nikauliza kama kipimo kinasema hana mara tatu tunaitibu kwanini, nikajibiwa mama wewe ni daktari? Siku mbili. Mtoto hanijui, ananiita shangazi, anaongea na mbuzi ambao hawapo, halafu asubuhi ya siku ya pili namnawisha uso naona mdomo umekwenda upande, jicho la kushoto halifumbi. Nikaita nesi, nesi akasema labda ni upepo. Upepo! Wodini! Nyota 2, zote mbili za degedege.

Aliyetuokoa hapo ni mjomba wake mume wangu, mzee wa kijijini, kapiga simu kusalimia tu, nikamweleza huku nalia, akanyamaza kidogo akasema, "Mkwe, homa ya huku watu wa huku ndo wanaijua, mlete." Tukasaini makaratasi ya kuondoka kwa hiari yetu, tukakodi gari, tukaenda hospitali ya misheni huko huko vijijini alikotokea na ugonjwa wake. Kila mtu mjini aliniona nimechanganyikiwa, natoa mtoto mahututi mjini nampeleka porini.

Sasa rivyu yenyewe.

Tumefika saa nne asubuhi. Faili buku mbili, lakini hawakusubiri hela, nesi alivyomuona dogo kamchukua mikononi mwangu moja kwa moja, kidole sukari kwanza, ilikuwa chini, dripu ya sukari, joto 39.6, uzito, yote hayo kabla sijamaliza kutaja jina la baba. Daktari ni binti mdogo, nilivyomuona nikasema hee huyu mwanafunzi. Kaniamkia "shikamoo mama", kakaa kitandani kwa mtoto, hakuuliza ametumia dawa gani, swali lake la kwanza, naandika kama alivyosema: "Mama, wiki tatu nne zilizopita huyu mtoto alilala wapi?"

Nikasema nyumbani. Akasema, "Kila siku?" Nikasema alienda kwa bibi. Nyumba ya bati au tembe? Tembe. Kitandani au chini? Chini. Homa inakuja inaondoka au ipo tu? Nikamhesabia siku kwa vidole, tatu, sita, tatu, saba, na nikiwa nahesabu naona anaandika huku anatikisa kichwa, akaniambia "mama umenisaidia sana", mimi niliyeitwa daktari wa kujifanya juzi yake. Kafunua nguo kakagua mwili mzima mpaka nyuma ya masikio na kwenye kwapa anatafuta alama za kupe, kabonyeza wengu, lilikuwa limevimba.

Nimewahi kuambiwa na watu wengi kwamba kipimo ndo kinagundua ugonjwa. Mi nilichokiona pale ni kwamba yule binti alishaujua ugonjwa kabla damu haijatoka, kipimo alikuwa anakitaka kimthibitishie tu, na ndo maana alijua aombe kipimo gani.

Ikaja habari ya kuchukua maji ya uti wa mgongo. Hapa kina mama nisikilizeni maana nami nilikataa. Kila mtu ana stori ya mtoto wa fulani alichomwa mgongoni akapooza au akafa. Baba yake yuko Dar kikazi, nampigia, anafoka kwenye simu asiguswe mgongo. Daktari akaomba simu, akaongea nae taratibu kama dakika kumi, kamwambia sindano inaingia chini, kule ambako uti wenyewe umeshaisha, ni nyuzi tu za mishipa zinaelea, na kwamba watoto wanaokufa baada ya kuchomwa wengi wao walichelewa kuletwa, ugonjwa ndo uliwaua. Na kwamba bila yale maji hawezi kujua kama kuna usaha wa homa ya uti wa mgongo ya kawaida. Baba yake akakubali. Mi nilitoka nje sikuangalia. Maji yalikuwa meupe, hayana usaha, ila yalikutwa na chembe nyeupe za damu nyingi kuliko kawaida, maana yake ubongo na utando wake vimeguswa kweli.

Nusu nyota niliyokata inatokea hapa. Damu ilienda maabara, baada ya kama dakika arobaini kijana mmoja akaleta karatasi: hakuna vimelea vya malaria. Basi. Kaandikiwa atafute nini? Yule kijana alikuwa mgeni, ameangalia malaria akafunga. Daktari akasoma, hakusema kitu, akanyanyuka mwenyewe kwenda maabara na mimi nyuma yake kama mkia. Ndani kuna mzee, miwani kaishusha puani, koti la maabara lina madoa ya zambarau mpaka kwenye kiwiko. Daktari kamwambia, "Mzee, tembe, homa inarudi, mdomo upande." Maneno hayo tu. Mzee kamgeukia kijana, "Slaidi iko wapi?" Iko kwenye ndoo ya taka. Akaiokota kwenye ndoo, kaiweka pembeni, akasema ya kwenye ndoo ntakuja kukufundishia baadae, twende tukachukue nyingine sasa hivi homa ikiwa juu.

Hii ya homa kuwa juu alinieleza vizuri: bakteria aliokuwa anawatafuta wanaonekana kwenye damu wakati mtoto anaungua, akipoa wanakuwa wachache mno, unaweza ukaangalia hadubini mpaka jioni usimuone hata mmoja. Kwahiyo mzazi anayesubiri homa ishuke ndo ampeleke akapime, anampeleka siku mbaya.

Kachukua tone nene, kalikausha, kamwagia dawa ya zambarau, tukasubiri. Wakati tunasubiri kachukua tone jingine bichi, kalifunika na kioo chembamba, akaweka kwenye hadubini yake ya zamani ambayo pembeni imezibwa na plasta. Akaangalia. Akasogeza. Kama dakika tatu hivi. Kisha akacheka kidogo puani akaniambia, "Njoo mama uone mwenyewe usije ukasema nimekutungia."

Mi sijawahi kuangalia hadubini tangu kidato cha pili. Mwanzoni naona kope zangu. Akanielekeza nisogee nyuma kidogo, nikaona vidoti vya mviringo vya damu vimejaa kama mtama uliomwagwa, vimetulia, halafu sehemu moja vinasukumwa, vinapisha, kama pale sokoni Majengo mtu anapopita na mkokoteni katikati ya watu, humuoni mtu unaona watu wanapisha tu. Nikakazia macho ndo nikamuona, uzi mwembamba umejisokota kama springi ya peni, unajinyonga, unakwenda mbele, unageuza. Wapo wengi. Kwenye damu ya mwanangu. Ile slaidi ya zambarau nayo ilipokuwa tayari, wale wale, wamekaa kimya wamepakwa rangi. Nililia pale pale maabara, kijana yule mgeni akaniletea kiti.

Ugonjwa ni homa ya papasi. Wazee wa huku wote wanaujua kwa jina. Papasi ni ndugu wa kupe lakini tabia tofauti kabisa, kupe anakung'ang'ania siku nyingi unamuona unamng'oa, papasi mchana amejificha kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo, usiku anatoka, anakunyonya nusu saa hata haifiki, huumii, anarudi kwenye ufa wake, asubuhi huna cha kuonyesha. Bakteria anaitwa borelia. Na kinachofanya homa iende irudi ni kwamba mwili unamtambua unamuua, lakini wachache wanabadilisha koti, mwili hauwatambui, wanazaliana tena, homa hiyo. Ikirudiarudia bila dawa ndo wanapata nafasi ya kugusa ubongo na mishipa ya uso, degedege, kuchanganyikiwa, mdomo kwenda upande.

Nikamuuliza mzee, sasa kile kipimo cha haraka wamempima mara tatu kwanini hakikuona? Akanijibu kipimo kile kinatafuta protini ya kimelea cha malaria tu, basi, hakina macho ya kitu kingine. Akasema zamani kila mtoto mwenye homa anapigwa slaidi, ukitafuta malaria unajikwaa kwa papasi, tulikuwa tunawaona bila kuwatafuta. Vipimo vya haraka vilipoanza kusambazwa nchi nzima kuanzia 2009 hivi, kazi ikawa nyepesi, malaria inajulikana ndani ya dakika kumi na tano, na yeye mwenyewe anavipenda, ila hadubini zikaanza kufunikwa vitambaa na vijana wanaotoka vyuoni wengine hawajawahi kumuona borelia akiwa hai. Nikamwangalia yule mgeni, naye macho chini.

Aisee na historia alinipa, huyu mzee ukimwanzisha hanyamazi. Kumbe jina la pili la bakteria, duttonii, linatokana na daktari Mwingereza Joseph Dutton, alikuwa na mwenzie Todd huko Kongo wanachunguza jinsi papasi anavyoeneza homa hii, wakaumwa wote wawili, Dutton akafia Kasongo, Manyema, mwezi wa pili 1905, ugonjwa ule ule anaouchunguza. Mwaka huo huo Robert Koch naye yuko huku kwetu enzi za Mjerumani, anapasua papasi waliotoka kwenye njia za misafara, akakuta mpaka mayai yao yana bakteria, yaani papasi mtoto anazaliwa tayari ana mzigo. Sasa fikiria, kitu kimejulikana tangu 1905, ardhi hii hii, na mwaka huu mtoto wangu ameambiwa ni UTI.

Matibabu. Seftriaksoni kwenye mshipa, siku 14 kwasababu ubongo umeguswa, isingegusa ubongo wangetumia dawa za siku chache. Lakini kabla ya dozi ya kwanza daktari aliniita pembeni akaniambia, "Mama, usiku wa leo ataonekana anazidiwa. Dawa ikiwaua kwa wingi mwili unachafuka. Usikimbie nae." Na kweli. Dawa imeingia saa mbili usiku, saa nne kasoro dogo akaanza kutetemeka mpaka kitanda kinatembea, joto likapanda zaidi ya lile la asubuhi, halafu presha ikashuka, mikono ya baridi, dripu zikafunguliwa mbili. Nesi wa zamu aliweka kiti chake pale kitandani, hakwenda mezani kwake kabisa, kila robo saa anapima, ananiambia namba kwa sauti hata kama sizielewi. Mi nadhani kama nisingeambiwa mapema ningemtoa pale usiku ule ule nimrudishe mjini, na angefia njiani. Saa tisa jasho likaanza. Saa kumi na mbili asubuhi kafumbua macho, jicho moja tu lile linalofumba, kaniangalia, kasema "Mama, kiu." Mama, sio shangazi. Nyota 5 za usiku ule ni za nesi peke yake na hata jina lake sikuuliza.

Siku za wodini zilikuwa ndefu, nikawa namsumbua daktari maswali. Nikamuuliza kama isingekuwa papasi ingekuwaje? Hapo alikuwa mkweli mpaka nikaogopa. Akasema borelia ana bahati anaonekana kwenye damu. Kuna wenzie, riketsia, wanaletwa na kupe wa ng'ombe na mbwa, wengine na viroboto vya panya, nao wanaweza kumpa mtoto homa na kumgusa ubongo, lakini hao wanaishi ndani ya chembe za mwili, slaidi haiwaoni kabisa. Unatakiwa upime kingamwili mara mbili, akiwa anaumwa na tena baada ya wiki mbili mpaka nne uone kama zimepanda, au upime vinasaba vya bakteria kwenye maabara kubwa, na majibu yakirudi mtoto ameshapona au ameshazikwa. Kwahiyo hapo daktari anatumia akili, akiona dalili na akasikia mtoto analala na mifugo anaanza dawa ya doksi bila kusubiri karatasi. Maabara yao haina hivyo vipimo, alisema wazi, na nimeandika ili asije mtu akafikiri pale kuna kila kitu.

Akanionyesha na kwenye simu yake utafiti wa Moshi, hospitali za KCMC na Mawenzi, 2007 mpaka 2008, wagonjwa 870 waliolazwa na homa, asilimia 60.7 waliandikiwa malaria, waliokutwa na malaria kweli asilimia 1.6. Nilirudia kusoma nikidhani nukta imekosewa. Na akanipa habari za India, mji unaitwa Gorakhpur, huko watoto walikuwa wanalazwa kwa mamia kila msimu wa mvua na homa ya ubongo, tangu 1978 wanajua ni virusi vya mbu, chanjo ikaletwa 2006, watoto bado wanaugua wanakufa. Kuja kupima vizuri 2015 wakakuta zaidi ya nusu ya waliopimwa wana alama za skrabu taifasi, bakteria anayeletwa na utitiri wadogo wa vichakani, na huyo anatibika kwa doksi au azithromaisini, dawa za bei ya soda. Sasa huko zahanati zinaambiwa mtoto akija na homa msimu ule wampe dawa mapema kabla haijafika kichwani. Yaani miaka yote hiyo wanatafuta kirusi na bakteria yupo pembeni. Nilikaa na hiyo stori siku nzima, nikiwaza wale kina mama.

Haya mabaya yao sasa, maana rivyu bila mabaya watasema nimelipwa. Choo cha wodi ya watoto kina mlango usiofunga, unashika kwa mguu. Malipo ni dirisha moja tu na yule kaka anakwenda chai saa nne kamili hata kama foleni imefika kwenye mwembe. Maji yanakatika jioni, njoo na ndoo yako. Maabara usiku anakaa mtu mmoja na siku nyingine ni yule kijana, ingawa sasa hivi nasikia ameiva, mzee alimkalisha wiki nzima na ile slaidi ya ndoo, maana na yenyewe bakteria walikuwemo. Bima yangu walipokea bila maneno, slaidi yenyewe kwa anayelipa cash ilikuwa shilingi elfu tatu, nimeona kwenye risiti ya jirani wa kitandani. Elfu tatu, mimi mjini nilishamaliza laki mbili na ushee. Chakula unajitegemea, ila nje kuna mama anauza uji wa ulezi na mlenda na ugali wa uwele, ukifika mwambie mama wa yule mtoto wa mdomo upande kanituma, atakuongezea.

Mdomo umerudi, ilichukua kama wiki tano, jicho linafumba. Shule karudi, mwalimu anasema ni yule yule mtundu. Kwa bibi tumepiga dawa nyufa zote na tumeanza kumwaga sakafu ya simenti chumba cha wajukuu, kitanda kimepelekwa, bibi amegoma kulala juu yake anasema yeye amelala chini miaka sabini na papasi wanamjua. Binamu zake wote watatu walipimwa, mmoja alikutwa nao, homa yake ilikuwa bado ya kwanza, kanywa dawa kapona hata hakulazwa.

Kitu cha mwisho. Mjomba alichokonoa ufa mmoja pale alipokuwa analala dogo, akawatoa papasi wanne akawaweka kwenye chupa ya jemu, kifuniko kimetobolewa na msumari, akapanda nao basi mpaka hospitali, abiria hawakujua wamekaa na nani. Mzee wa maabara alifurahi kama ameletewa kuku. Wako bapa, rangi ya udongo, ngozi ya mikunjo, ukiwatikisa wanajifanya wamekufa. Juzi nimempeleka dogo kliniki ya miezi mitatu tukapita kumsalimia mzee, chupa iko dirishani. Nikamuuliza mbona umeweka wafu? Akaipuliza pumzi kupitia kile kitundu, tukasubiri kidogo, wote wanne wakaanza kutembea. Hawajala tangu mwezi wa saba. Mzee anasema hao wanaweza kukaa miaka. Dogo akauliza yupi ndo aliyeniuma, mzee akamwambia chagua mwenyewe, akachagua yule mkubwa, akampa jina la konda wa daladala.